Kichwa cha Gavana

Milioni nane! Nenda kamrudishie mwenye hoteli milioni nane zake, na usiniambie "tulia baba", maana anayekufa ni mimi na sijakuomba ruhusa ya kupaza sauti. Sikilizeni, wanangu. Na wewe, kifungua mimba, toa mikono mfukoni.

Sanamu ya shaba ya gavana yule wa kikoloni ilipokuwa inapandishwa kwenye nguzo yake, kamba ilikatika, ikamwangukia babu yenu kifuani. Gavana mwenyewe aliamuru damu imwagiwe mchanga, bendi ikapiga, shughuli ikaendelea kama kawaida. Bibi yenu alikabidhiwa kofia ya mumewe na kuambiwa asizuie njia. Tulipopata uhuru, wakubwa wapya walisema iondolewe, nikaikokota kwa minyororo hadi karakana, nikaikata vipande, nikaiyeyusha, nikasubu mabomba ya maji ya mtaani. Mji mzima ulikinga maji kwenye tumbo la gavana na hakuna aliyeharisha.

Kichwa nilikibakiza, nikakifanya fuawe ya kufulia vyuma. Nyote mlijifunza kushika nyundo juu ya uso ule, na pua ndiyo iliyotangulia kwenda. Wewe, kifungua mimba, ulilia eti anakutazama. Nikakwambia mpige jicho, ukampiga. Siku ile nilijua nimezaa mtu. Leo najiuliza nilizaa nini.

"Baba, ni historia, acha watalii wakione kichwa hotelini." Historia! Na umeshamtafuta mchongaji ambandike pua mpya! Mwambie basi ambandike na babu yako kifua kipya.

Karakana, tanuri na vifaa vyote ni vya dada yako huyu, mwenye makovu ya moto mikononi. Wewe chukua suti zangu. Zitakubana, na zikubane. Jeneza langu usiliguse, utauza vishikio kabla hatujafika makaburini.

Binti, sogea... sauti inakwisha. Nimekuachia radhi yangu yote. Mungu akupe pumzi... ndefu kuliko hii. Kawashe tanuri sasa hivi. Kalibu ya kumiminia uikaushe vizuri, ikibaki na unyevu shaba itakurukia usoni. Subu bawaba... za mlango wa choo. Dirisha liacheni wazi, nimsikie gavana akitokota.

Wewe, futa machozi, hayanipunguzii kitu. Radhi yangu huna. Usiniulize utaipata lini... Kichwa kimo garini mwako, kwenye gunia, nimeshaambiwa.

Kilete.