Bomba la Jikoni

Fundi cherehani alitazama nje ya dirisha la basi, masikio yakiwa kiti cha mbele. Muuguzi alikuwa akimweleza mzee asiyemfahamu habari za nyumba anayotaka kununua, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu.

"Jengo la zamani, lakini kuta ni imara. Ila bomba la jikoni linagonga kila asubuhi. Nimesema lirekebishwe kwanza."

"Niliishi humo, mwanangu. Bomba ni zima. Ni bibi wa ghorofa ya pili, analigonga kukujulia hali. Unamjibu kwa kijiko."

"Kila siku? Na nisipojibu?"

"Atapanda. Asubuhi mke wangu aliposhindwa kujibu, bibi alipanda na miguu yake ile mibovu. Mimi nilikuwa kazini."

Basi likasimama. Muuguzi akashuka. Fundi naye akashuka, akijiuliza nyumbani kwake angepanda nani kumwangalia.