Pua ya Mzee Zablon Mokaya, 1956–2015

Wapendwa waombolezaji, Mama Nyanchama, mjane wa marehemu, ameagiza historia hii isomwe yote bila kuruka neno, nasi tutamtii.

Mzee Zablon Mokaya alizaliwa tarehe 12 Aprili 1956 huko Nyamira, Kenya, akasoma hadi kidato cha nne, akamwoa Nyanchama tarehe 9 Agosti 1980, wakajaliwa mabinti wawili, Kemunto na Moraa.

Mei 2001 walihamia Toronto, wakapanga Rexdale, akaajiriwa kubeba makreti kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na hapa ndipo mlipodanganywa, kwa maana hayakuwa makreti ya juisi, yalikuwa ya mvinyo mwekundu wa Italia. Mwaka 2005 alinusa chupa iliyoharibika kabla ya wakubwa wake kuigundua, wakampandisha cheo, na mzee wa kanisa letu lisilogusa pombe akawa mwonjaji, anaonja na kutema, anaonja na kutema, hakumeza hata tone. Zabibu za Sangiovese alizijua kwa harufu ya cheri chachu, za Nebbiolo kwa waridi na lami, na kila ibada alikaa roho mkononi asije mtu akamnusa yeye.

Machi 2014 Nebbiolo haikunukia tena puani mwake. Jamani, alimwogopa daktari kuliko ugonjwa, maana angeulizwa amejuaje kuwa pua imekufa, na karani wa kliniki anaimba kwaya nasi. Basi Mama, shemasi wenu, akawa anamnusia sampuli za kazini jikoni, mlango umekomewa, akimwambia hii inanukia barabara mpya na maua ya harusi, naye anaandika. Walifanya hivyo miezi kumi na minne.

Mei 2015 alianguka bafuni, ukakutwa uvimbe kwenye ubongo, daktari akasema ungeonekana mapema ungekuwa mdogo. Alifariki hospitalini tarehe 3 Juni 2015, saa nne asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani wa ghorofa ya tisa, na wenzake wa ghalani, ndio wale waliosimama nyuma kabisa kwa kuogopa kutuaibisha.

Mama hajui kama mtamsindikiza mumewe makaburini baada ya kusikia haya, na anaogopa sana, lakini uoga umeshamchukulia mume, hataupa na mazishi yake. Msipotaka kulibeba jeneza, wale wa nyuma wamekubali.

Pumzika, Mzee Zablon, hakuna tena wa kumwogopa.