Halivuji, Linapumua

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Vuguvugu, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa fundi baiskeli aliyeamini kwamba hakuna nati kaidi isiyolainika kwa tone la mafuta. Marehemu alirithi mikono ya baba yake, lakini hayo ya mafuta ilimbidi ayaache.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akaingia chuo cha ufundi mwaka 1975 na kuhitimu 1977 akiwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mkuu wa chuo, na marehemu hakuwahi kulisamehe jambo hilo.

Januari 1978 aliajiriwa hospitalini kuwa fundi mabomba. Siku moja alitumwa chumba cha kufulia kuziba bomba la mvuke. Alilirudia bomba hilo mara nne, hadi dobi akamuuliza kama kinachovuja ni bomba au ni yeye. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1982.

Mwaka 1991 lililetwa tangi la oksijeni ya kimiminika, likasimikwa uani mwa hospitali, akakabidhiwa yeye. Kila mgeni wa uani alipewa somo, atake asitake. Oksijeni hiyo ni baridi kupita barafu yoyote. Ikipata joto kidogo hugeuka gesi, na gesi lazima ipate pa kutokea. Ndiyo maana tangi lina bomba la juu linalotoa mlio na ukungu mweupe. Valvu ikiganda, usiipige nyundo, usiisogezee moto, usiipake mafuta hata tone, maana mafuta yakikutana na oksijeni huwaka kwa kishindo. Imwagie maji vuguvugu, polepole, usubiri. Wenzake walicheka, wakampa jina, naye akaitika.

Sasa tuseme lililotukaa kooni miaka saba. Februari 2017, marehemu akiwa likizo, msimamizi wa hospitali alihamia ofisi inayotazama tangi. Mlio ukamkera. Hakuuliza mtu. Alifungua daftari la matengenezo akaandika neno moja: "Linavuja." Kwa neno hilo aliitwa fundi wa nje, akakaza kizibo cha chuma kwenye bomba la juu, akakipaka na rangi kipendeze.

Tarehe 14 Februari, saa tatu asubuhi, marehemu alirudi kazini akasimama uani. Kilichomshtua ni ukimya. Mshale wa geji ulikuwa umepita mstari mwekundu, na valvu ya mkono ya kupunguza presha ilikuwa donge la barafu. Aliwaondoa watu wote uani, akawazimisha walinzi sigara zao. Msaidizi wa msimamizi akaja mbio na nyundo.

"Weka chini hiyo nyundo," marehemu alimwambia. "Hili halivuji, linapumua. Mmeliziba pumzi."

Mke wake alileta maji vuguvugu kutoka chumba cha kufulia, ndoo baada ya ndoo, yeye akimimina kwa kikombe. Haraka haraka haina baraka, na siku hiyo ingekuwa na maiti. Ilichukua dakika arobaini. Katikati ya kazi glavu ya kulia ililowa, naye alijua vizuri kuliko yeyote kwamba glavu iliyolowa ni hatari kwenye baridi ile. Hakuwa na nyingine. Jozi ya pili alikuwa ameiomba kwa maandishi miaka miwili. Nyuma ya ukuta ilikuwa wodi ya watoto wachanga, basi hakuondoka. Valvu ilifunguka, ukungu ukajaa uani, mshale ukashuka. Aliwaagiza waliokuwa karibu wapunge nguo zao na wakae mbali na moto nusu saa nzima, maana oksijeni hunasa kwenye nguo na cheche moja huziwasha. Ndipo akautazama mkono wake. Vidole vitatu vilikatwa wiki iliyofuata.

Asante ya punda ni mateke. Ripoti ya hospitali ilisema: "Fundi alijeruhiwa kwa uzembe wake akishughulikia tangi linalovuja." Alihamishiwa getini, akawa anaandika namba za magari kwa mkono wa kushoto hadi alipostaafu Agosti 2018. Aliandika barua kumi na moja kuomba maneno hayo yasahihishwe. Hakujibiwa hata moja.

Novemba 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa hospitalini hapohapo. Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, alimwomba binti yake mkubwa afungue dirisha, akasikiliza mlio kutoka uani. "Linapumua," alisema, akatabasamu. Alifariki saa kumi jioni, akiwa na miaka 65.

Jana uongozi wa hospitali uliiomba familia, kwa lugha tamu, iondoe habari za tangi kwenye wasifu huu ili kulinda heshima ya marehemu. Heshima ya marehemu ndiyo hizo habari. Shada la maua tumelipokea. Kilemba cha ukoka tumekirudisha. Bwana msimamizi, uliyeketi mstari wa pili, hii ndiyo barua ya kumi na mbili, na leo mashahidi ni wote waliohudhuria.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano, na watoto wa wodi ile, ambao mwaka huu wametimiza miaka saba bila kujua jina lake. Halikuvuja. Lilikuwa linapumua. Aliyelinda pumzi za wenzake, sasa naye apumzike.