Kitambaa Changu Cheupe na Macho ya Yusuf

Jina la Bwana lihimidiwe, ndugu zangu! Naanza na kosa langu, kabla moyo haujapata nafasi ya kulipamba. Nilipokwenda Garissa kufundisha, nilipangusa nyuso za watoto kumi na tisa, kila asubuhi, kwa kitambaa kimoja.

Mnanijua. Ni mimi kijana wenu niliyejifunza kusoma kwa vitabu vya kuazima, ninayerudi mara tatu kutazama kama mlango nimeufunga. Kitabu kimoja kilisema uso wa mtoto usafishwe kwa kitambaa safi. Nikalishika neno hilo lilivyo! Kila jioni nilikichemsha kitambaa changu, nikakianika, nikakipiga pasi. Asubuhi watoto walipanga mstari, nami nikawapangusa, wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyekuja na tongotongo nilimgombeza mbele ya wenzake. Nilijiona msafi kuliko mji mzima!

Siku moja Halima, binti wa mfuga ngamia, mwenye miaka kama kumi, alikitazama akasema, "Maalim, hii kitambaa yako imetembea kuliko ngamia ya baba."

Darasa likacheka. Nikamwambia anyamaze.

Macho mekundu yalianza kwa watoto wawili. Nikapangusa mara mbili kwa siku. Wakawa tisa. Nikapangusa zaidi! Wengine wakawa wanaficha nyuso, wakiogopa mdomo wangu. Kisha asubuhi moja Halima akaja amemshika mkono mdogo wake, Yusuf, mtoto wa miaka sita ambaye siku zote hufika mbio, mbele ya wote. Kope zake zilikuwa zimegandana kwa usaha.

"Maalim, Yusuf haoni njia."

Nilimbeba mgongoni hadi zahanati, Halima nyuma yetu. Mganga akamsafisha, akampaka mafuta ya macho, akaniuliza huwa nawapangusa watoto kwa kitu gani. Nikatoa kitambaa changu mfukoni, bado nikijivunia mikunjo yake. Hakukigusa.

"Mwalimu, ugonjwa unapanda kitambaa hicho kutoka jicho hadi jicho. Huyu akiendelea kuambukizwa, mafuta yangu hayatatosha. Anaweza kubaki kipofu."

Ndugu zangu, nilipiga magoti kwenye mchanga nje ya mlango ule! Nikalia, "Bwana, namharibu mtoto kwa usafi wangu!" Na Bwana akanijibu kwa kinywa cha yule yule niliyemnyamazisha.

"Usilie, Maalim," Halima akasema. "Sisi tunajua kunawa. Kila swala tunanawa. Wewe hujauliza tu."

Kesho yake alileta birika la kwao. Akamiminiwa maji na mwenzake, akanawa mikono, kisha uso mara tatu, na maji yote yakaanguka mchangani. Hakuna aliyechovya mkono kwenye maji ya mwingine.

Nikauliza, "Na kujifuta je?"

"Upepo ya hapa ni ya bure, Maalim!"

Nilicheka hadi nikasahau kuogopa. Watoto hawa wanasali tofauti na sisi, na Mungu alikuwa ameniwekea dawa mikononi mwao kabla sijafika.

Nikawaomba radhi. Nikawaambia kila mmoja ayachunguze macho yake mwenyewe: yakiwasha au kutoa uchafu, aniambie bila aibu, nami sitagomba. Wakaanza kuja wenyewe kudai twende zahanati wakapakwe mafuta! Yusuf alijifunza kunawa peke yake, na kuishikilia mikono yake isisugue macho. Dada yake alimpeleka kwa mganga kila siku, bila kuruka hata moja. Mimi? Nilihesabu siku na kuomba.

Asubuhi moja naandika ubaoni, nikasikia kutoka mwisho wa darasa, "Maalim! Kifungo ya shati umefunga kwa tundu si yake!"

Alikuwa Yusuf. Ameona kifungo, kutoka kule! Nilishindwa kuendelea na somo.

Asante, Bwana wangu! Nawe uliyekaa hapa umebeba kila kitu peke yako kwa hofu ya kukosea, mtegemee Yeye, na umsikilize mtoto aliye mbele yako.

Kitambaa kile sinacho tena. Kule shuleni sasa kila mtoto hunawa uso wake mwenyewe, nami hunawa wa mwisho, na Yusuf ndiye hunimiminia maji.