Cecilia Anderson Chilumba, Mchora Ramani wa Njia za Maji (1979–2025)

Marehemu Cecilia alizaliwa Mkunya, Newala, tarehe 14 Mei 1979, mtoto wa tatu wa Mwalimu Anderson Chilumba na Mama Yuster. Siku ya ubatizo alilia mpaka padri akalazimika kupandisha sauti, na mama yake hakuacha kumtania kwa hilo.

Alisoma Shule ya Msingi Mkunya, sekondari Masasi, kisha chuo Dar es Salaam, akahitimu upimaji ardhi mwaka 2004. Alirudi Masasi kupima mashamba ya mikorosho. Mzee Hamudi wa Chiungutwa alimwambia, "Mwanangu, hiyo mashine yako haiujui mkorosho wa mpaka. Mimi naujua." Cecilia akazima mashine, akamfuata.

Mwaka 2007 alifunga ndoa na Mwalimu Felix, wakajaliwa Nancy na Cecil.

Mwaka 2015 aliajiriwa na kikosi cha kimataifa cha kulinda amani katika nchi ya jirani. Alikuwa akiunganisha kwenye kompyuta picha za satelaiti, vijiji na barabara, ili askari wajue doria ipite wapi. Katika kijiji kimoja aliweka alama ya maji kwenye ramani, penye pampu iliyotajwa katika orodha ya zamani. Askari wakalinda pampu. Kumbe ilikwisha kufa siku nyingi, na wanawake walikuwa wakishuka bondeni kwenye chemchemi. Huko wakavamiwa, mama mmoja akauawa. Cecilia, mtoto wa Newala aliyekulia kwenye mabomba makavu, hakuwa ameuliza kama pampu ile bado inatoa maji. Jambo hilo lilimtafuna. Tangu hapo hakuweka alama ya maji kabla ya kutembea na wachotaji wenyewe, kifaa cha GPS kimefungwa kwenye pindo la kanga. Doria zikahamishiwa njia hizo, na kwa miaka minne aliyobaki kule, hakuna mwanamke aliyeguswa katika njia alizozichora.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Akiwa kitandani aliagiza kosa lile lisomwe leo, kwenye mazishi yake. Mumewe akasita. "Mama Nancy, mtu hasomewi makosa kaburini."

"Basi, Baba Nancy, mtakuwa mmezika mtu mwingine."

Alifariki nyumbani Masasi, Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi na ndugu wanne. Yule mama aliyeuawa kwenye chemchemi aliitwa Ziada, naye aliacha watoto watatu. Bwana awapumzishe kwa amani wote wawili, Cecilia na Ziada.