Jiwe Chini ya Tairi: Maisha ya Melkiori Kitundu, 1931–1979

"Shemeji, mwambie mama yako, siku nitakayopata kebo ya hendibreki ndiyo siku atakayopata jiwe lake la kusagia." Hayo yalikuwa majibu ya marehemu Melkiori Kitundu kwa miaka mitano. Mimi Dorika, mdogo wa mke wake, ndiye niliyeyabeba kwenda na kurudi, maana mkwe hasemezani na mama mkwe.

Marehemu alizaliwa Sekenke mwaka 1931, baba yake akichimba dhahabu. Alisoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1945 karo iliposhindikana. Akawa utingo wa lori, kisha dereva. Juni 1957 alifunga ndoa na dada yangu Klara.

Mwaka 1964 alinunua pikapu ya Pijo iliyokwisha kutumika. Mbele gari ndogo ya bwana mkubwa, nyuma mkokoteni. Aliitunza kuliko mwili wake. Tangi likivuja, alilipaka sabuni ya mche. Springi ikikatika, aliifunga kwa mpira wa tairi kuukuu. Klara alimwambia, "Ningekuwa na magurudumu ungeniona." Akajibu, "Ungekuwa nayo ungekwenda kwenu kila siku."

Oktoba 1974, tulipohamia kijiji cha ujamaa, alibeba vyombo vya kila kaya bila kuchagua. Ilipofika zamu ya mama yetu Elina, injini ilizimika mlimani Sekenke na kebo ya hendibreki ikakatika. Melkiori akang'ang'ania breki ya mguu. Nyuma wamekaa mama na wajukuu wawili. Klara, aliyekaa mbele naye, akaruka, akashika jiwe la mama la kusagia, akalisukuma chini ya tairi. Gari likatulia. Tangu hapo spea haikupatikana, na jiwe halikurudi; likawa ndilo hendibreki. Mama akawa anasagia kwa jirani, na hakunyamaza.

Kifua kilimwanza Machi mwaka huu. Hata kitandani aliuliza, "Jiwe lipo kwenye tairi?" Alifariki nyumbani tarehe 3 Agosti 1979. Ameacha mke wake Klara, watoto Chrispin na Dorkas, na pikapu, ambayo bado inawaka.

Jana wazee walipouliza nani anamdai marehemu, mama alisimama. Klara akainamisha kichwa.

"Namdai jiwe," mama akasema.

Safari hii hakunituma. Aligeukia jeneza mwenyewe. "Mkwe, kaa nalo. Kesho gari lako ndilo litakupeleka, na njia ya makaburini ni mteremko."

Melkiori apumzike kwa amani. Hadaiwi.