Melenaite na Akaunti Iliyokuwa Ifungwe Jumapili

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 2024, Bi Melenaite Fonokalafi anastaafu baada ya kuitumikia zahanati yetu ya bandarini, hapa Neiafu, Tonga, kwa miaka thelathini na minne.

Alianza akiwa karani wa mapokezi, enzi za daftari kubwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili wagonjwa wasiondoke nayo. Kompyuta ilipoletwa, sisi wengine tuliizunguka kwa mbali. Yeye alivuta kiti, akakaa. Tangu hapo barua pepe zote za wagonjwa wanaosubiri matibabu ng'ambo zimepitia kwake, na hakuna iliyopotea. Moja tu ndiyo iliyoponea chupuchupu, na mkosaji nilikuwa mimi, Sunia wa dirisha la dawa.

Jumamosi moja, miaka sita iliyopita, aliniachia zamu akaenda kuchimba viazi vikuu vya chakula cha Jumapili. Ikaingia barua pepe yenye nembo ya kampuni inayotupa huduma hiyo: akaunti yenu itafungwa kesho Jumapili saa sita mchana, maofisa wetu wa Neiafu watakuwa ofisini kuanzia saa mbili asubuhi kuhakiki, bonyeza hapa uweke neno la siri. Wiki ile tulikuwa tunangoja jibu la hospitali ya Auckland kuhusu mwalimu wa kwaya, mzee Fehoko, ambaye macho yake yalikuwa yanazima. Akaunti ikifungwa, jibu lake lingetufikiaje? Nikabonyeza. Nikaandika nusu ya neno la siri, nusu nyingine ikanitoka kichwani, nikampigia simu.

Alifika na udongo hadi viwikoni.

"Toa mkono hapo! Sunia, wewe ulizaliwa wapi? Nani anafungua ofisi Jumapili hapa?"

"Mama, labda wametumwa kutoka mji mkuu."

"Kwani huko hawasali? Jumapili Tonga hii hata jogoo anawika kwa kuomba radhi! Huyu tapeli hajawahi kukanyaga kwetu."

Kisha akanionyesha mengine, taratibu, bila kunisimanga zaidi ya nilivyostahili. Anwani ya mtumaji ilikuwa na mkia wa herufi na tarakimu zisizoeleweka. Jina letu halikutajwa popote. Na ile haraka yote ilikuwa ya kunizuia nisifikiri. Haraka haraka haina baraka, alisema, akarudi kwenye viazi vyake. Jumatatu aliipigia kampuni kwa namba yao halisi aliyokuwa ameibandika ukutani, si ile ya kwenye barua. Hawakuwa wametuma kitu. Jumanne jibu la Auckland likaingia. Leo mzee Fehoko anaongoza kwaya, na anayekosea sauti anatazamwa usoni.

Wiki iliyopita Bi Melenaite alipokea barua pepe nyingine: akaunti yako itafungwa Ijumaa, tarehe 29. Alicheka, nasi tukacheka. Akakagua anwani, ikawa sahihi. Jina lilikuwa lake, kamili. Hapakuwa na mahali pa kubonyeza. Bado hakuamini, akapiga ile namba ya ukutani. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Hii ni ya kweli," alituambia.

Hakuna aliyecheka tena. Mimi nililia, na sioni haya kuliandika.

Akawauliza watu wa kampuni barua za wagonjwa wake zitakwenda wapi. Walipomtaka ataje mtu, alinitaja mimi. Nikamkumbusha ile Jumamosi.

"Ndiyo maana," alisema. "Wewe ulishaumwa na nyoka. Sasa hata jani likitikisika utashtuka."

Mama Melenaite, asante kwa miaka yote hiyo, na kwa kuniamini kuliko nilivyojiamini. Tunakuombea siku nyingi zenye afya, na Jumamosi za kuchimba viazi bila simu yangu kukukatiza. Namba ya ukutani hatutaibandua. Chini yake nimeandika ya kwako.